Sauti ya Wachache Bungeni: Bei ya Vitu na Riziki ya Wazee

 Somo la leo litapita katika mashamba ya ndugu zetu wa Nalasi, wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma.  Kama kuna mtu anayejua kusoma na kuandika katika kikundi chenu, mpeni karatasi na kalamu, aandike miaka na hesabu tutakazozitaja, ili baadaye mpate kuzungumza vizuri.

Tumezoea kufikiri kwamba historia ni vita na majina ya watawala. Leo tutasoma historia ya maneno, yaani maneno yaliyosemwa Bungeni na watu waliojua tangu mwanzo kwamba kura zao hazitoshi. Swali letu ni hili: mbunge wa upande wa upinzani, ambaye kura zikihesabiwa hushindwa, anapata faida gani kusimama na kusema habari za bei ya mafuta ya taa, au habari za mzee asiye na riziki? Je, anapoteza wakati wake na wetu?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Katika Bunge kuna upande unaotawala, na kuna upande usiotawala. Ule usiotawala, ukiwa na wabunge wa kutosha, huitwa Kambi ya Upinzani, na huchagua watu wake wa kufuatana na kila waziri. Watu hao huitwa mawaziri vivuli. Kivuli hakibebi mzigo, lakini hakimwachi mwenyewe. Waziri wa Fedha akisoma makadirio ya mwaka, Waziri Kivuli naye husoma maoni ya upande wake. Mwishoni jina la kila mbunge huitwa, naye hujibu ndiyo au hapana.

Lakini mbunge ana mipaka. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inasema kwamba Bunge halitashughulikia jambo la kuongeza kodi au la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa limeletwa kwa pendekezo la Rais kupitia kwa Waziri. Tena Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mbunge wa kawaida hawezi kuamka asubuhi akaleta sheria ya kuwalipa wazee wote fedha kutoka Hazina. Anachoweza ni kusema, kuuliza na kushawishi. Na hapo Ibara ya 100 inamlinda, kwa kuwa imeweka uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge.

Upinzani wenyewe katika nchi yetu ulikwenda ukarudi. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1960, Tanganyika ilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. Viti 58 havikuwa na mashindano, na TANU ilipata viti 70. Kiti kimoja tu, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama bila kuteuliwa na chama, ingawa naye alikuwa mwanachama wa TANU. Mwaka wa 1965 ikawekwa sheria ya chama kimoja. Baada ya hapo wabunge walibishana, lakini wote walikuwa wa nyumba moja. Mwaka wa 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena, na mwaka wa 1995 uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika. Tangu hapo pakawa tena na watu wa kusimama ng'ambo ya pili ya ukumbi.

Sasa, kabla ya kuingia Dodoma, twende kidogo Uingereza, maana huko kuna mfano unaofaa. Miaka mia na zaidi iliyopita, mfanyakazi wa Uingereza aliyezeeka bila akiba alikuwa na njia chache, kama vile kutunzwa na watoto wake, au kuingia katika nyumba ya maskini, ambayo watu waliiogopa kama aibu kubwa. Mwaka wa 1892 aliingia Bungeni mtu mmoja aitwaye Keir Hardie, aliyekuwa amechimba makaa ya mawe tangu utoto wake. Alisema habari za watu wasio na kazi na za maskini, na wengi walimcheka. Mwaka wa 1899 vyama vya wafanyakazi vikaunda kamati ya kudai malipo ya uzeeni. Mwaka wa 1906 chama chake, yaani chama cha Labour, kilipata wabunge 29 katika Bunge lenye watu zaidi ya 600. Watu 29 hawawezi kushinda kura. Lakini mwezi wa Julai mwaka wa 1907 wagombea wawili, mmoja wa Labour na mmoja aliyejiita Msoshalisti, walishinda uchaguzi mdogo katika Jarrow na Colne Valley, na chama cha Liberal kilichokuwa kikitawala kikaona hatari.

Mwaka wa 1908 serikali hiyo ya Liberal ikapitisha sheria ya pensheni ya uzeeni. Tangu tarehe 1 Januari 1909, mtu maskini aliyefika miaka 70 alikwenda posta akapokea shilingi 5 kila juma. Angalieni vizuri, wasikilizaji. Sheria ililetwa na serikali, wala si na upinzani, na sifa nyingi zilikwenda kwa Waziri wa Fedha, David Lloyd George. Lakini hoja ilikuwa imepigwa kwa miaka mingi na watu wachache, mpaka wakubwa wakaona ni heri kuichukua iwe yao. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ambayo mchache hushinda: hoja yake huibiwa, naye hufurahi.

Basi turudi nyumbani. Tutazame mwaka wa 2011. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Ukame uliipiga Afrika Mashariki, umeme ulikatwa kwa mgawo, na shilingi ilipungua nguvu mbele ya dola. Wataalamu hupima kupanda kwa bei kwa hesabu iitwayo mfumuko wa bei. Mwezi wa Januari 2011 hesabu hiyo ilikuwa asilimia 6.4, na kufika Desemba ilikuwa asilimia 19.8. Maana yake ni nini? Kapu la vitu ambalo mama alilinunua kwa shilingi 10,000 mwezi wa Desemba 2010, mwaka mmoja baadaye alihitaji karibu shilingi 12,000 kulijaza vilevile. Mwenye mshahara alilalamika aongezewe. Mzee asiye na mshahara hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Katika bajeti ya mwezi wa Juni mwaka huo, Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400 na senti 30, na ikapunguza ushuru wa dizeli. Tuwe wa haki: Serikali ilikuwa na sababu. Wafanyabiashara wengine walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, na watu wakaita mchezo huo kuchakachua. Injini za magari ziliharibika na kodi ilipotea. Kwa kusawazisha ushuru, faida ya kuchakachua ilikatwa. Lakini dawa ile ilinywewa na mtu mwingine. Mwenye kuchakachua alikuwa mjini na lori lake. Mwenye kulipa alikuwa kijijini na kibatari chake, akimsomesha mjukuu usiku, kwa kuwa nyaya za umeme zilikuwa bado hazijafika katika vijiji vingi.

Waziri Kivuli wa Fedha wakati huo alikuwa Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka wa 1976, na Bunge lilimjua, maana mwaka wa 2007 alisimamishwa kuhudhuria vikao kwa sababu ya hoja yake juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Mwaka wa 2011, na tena mwaka wa 2012, yeye na Kambi yake waliiweka hali ngumu ya maisha mbele ya Bunge. Na katika maoni ya mwaka wa 2011 Kambi ilileta pendekezo lililowachoma wabunge wenyewe: posho ya kikao iondolewe. Posho hiyo ilikuwa shilingi 70,000 kwa siku, mbali na fedha ya kujikimu na ya usafiri. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mbunge hulipwa mshahara kwa kazi ya kukaa Bungeni, kwa nini alipwe tena kwa sababu amekaa? Zitto aliandika kwamba yeye hataipokea. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliitetea posho hiyo, na pendekezo likashindwa.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Kabla mwaka haujaisha, habari zikatoka kwamba posho ya kikao imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi shilingi 200,000 kwa siku. Spika, Bibi Anne Makinda, alieleza kwamba gharama za maisha Dodoma zimepanda. Nchi nzima ikaguna. Watu waliuliza: kumbe gharama za maisha zinapanda? Kama zinapanda kwa mbunge aliye Dodoma, hazipandi kwa mkulima aliye Tunduru? Hapa tunaona njia ya pili. Wachache walishindwa kwa kura mwezi wa Juni, lakini walikuwa wamekwisha kuwapa watu kipimo. Jambo lilipotokea mwezi wa Desemba, watu walikuwa na kipimo mkononi, wakapima wenyewe.

Sasa tufike mashambani, katika habari ya korosho. Na hapa tunawaomba wazee wa Nalasi watusikilize kwa makini, nao watusahihishe katika mazungumzo yao, maana wao ndio wenye mikorosho.

Mtu aliyefanya kazi ya ualimu au ya reli, akistaafu, hupata pensheni yake kwa sheria. Mkulima hana. Basi mkulima wa kusini alijitengenezea pensheni yake kwa mikono. Alipanda mkorosho akiwa kijana, na akiwa mzee, asipoweza tena kulima kwa jembe siku nzima, mti humpa kitu kila msimu. Lakini mkorosho haumpi bure. Kuna ugonjwa uitwao ubwiriunga, ambao hufunika maua na machipukizi kama unga mweupe, na maua hayo hayazai. Dawa yake inayojulikana zaidi ni salfa, ipulizwe kwa wakati wake wakati mti unapochipua na kutoa maua. Mzee akikosa salfa, pensheni yake imeliwa na ubwiriunga. Akibanwa na njaa kabla ya mavuno, huja mtu wa kangomba na kipimo chake, akamlipa nusu ya haki yake.

Kwa sababu hiyo ushuru wa korosho si jambo la wafanyabiashara peke yao. Korosho ghafi zilipouzwa nje, mnunuzi alilipa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake, au dola 160 za Kimarekani kwa kila tani, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa sheria iliyokuwapo, asilimia 65 ya fedha hizo zilirudi kuendeleza zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti. Mwezi wa Juni mwaka wa 2018 Serikali ilipeleka Bungeni Muswada wa Fedha wa kuubadili mgawanyo huo, ili fedha yote iingie katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Serikali ilisema kwamba fedha za umma zikusanywe mahali pamoja, kisha zigawanywe kwa bajeti, ili ziangaliwe vizuri. Hilo nalo ni neno lenye maana, kwa sababu fungu lililotengwa huweza kutumiwa vibaya.

Wabunge wa kusini walisimama. Wa upinzani walikuwapo, kama Katani Ahmad Katani wa Tandahimba, kwa tiketi ya CUF. Zitto Kabwe naye, ambaye sasa alikuwa mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alisema ingawa kwao Kigoma si nchi ya korosho. Na wengine walikuwa wa chama kinachotawala, kama Nape Nnauye wa Mtama. Hilo halikuwa jambo la kila siku, kwamba mbunge wa CCM na mbunge wa upinzani wasimame kwa neno moja dhidi ya muswada wa Serikali. Walisema kwamba zao likinyimwa salfa litashuka, na anayeua kuku hawezi tena kuuza mayai. Kura zikapigwa, muswada ukapita.

Nini kilifuata? Msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna korosho nyingi kuliko wakati wowote kabla yake, zaidi ya tani 310,000. Msimu wa 2018/19 mavuno yalishuka yakawa karibu tani 225,000. Tusiseme ovyo kwamba ushuru peke yake ndio uliosababisha, kwa sababu mvua, magonjwa na bei vyote hufanya kazi katika shamba. Tena mwaka ule bei ilileta mgogoro: wakulima waliikataa bei ya wafanyabiashara mnadani, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe. Bei ile ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walikaa miezi kabla ya kulipwa. Miaka michache baadaye Serikali ilianza tena kugawa salfa kwa ruzuku. Neno lililosemwa na kushindwa mwaka wa 2018, yaani kwamba mkorosho usaidiwe ndipo uzae, lilirudi kwa mlango mwingine.

Tumeona hoja inayochukuliwa na wenye nguvu, na hoja inayowapa watu kipimo. Njia ya tatu ni kumbukumbu. Bunge huandika maneno yote yanayosemwa ukumbini katika kitabu kiitwacho Hansard, au Taarifa Rasmi. Mbunge akisema leo kwamba jambo fulani litaleta hasara, maneno yake hukaa pale. Hasara ikija, hakuna awezaye kusema hatukuonywa. Isipokuja, yeye ndiye huaibika. Kwa hiyo kusema Bungeni ni kama kuweka rehani jina lako.

Lakini maneno ya Bunge yanafaa tu kama yanasikiwa. Mwezi wa Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la umma, TBC, halitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Upinzani ulipinga vikali, na wakatoka ukumbini. Sisi tunaotumia redio tunafahamu maana ya jambo hilo. Mtu wa mjini hutafuta habari kwa njia nyingine, lakini mzee wa kijijini mwenye redio yake ndogo hupungukiwa.

Tumalizie na wazee wenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka wa 2003 inasema kwamba mzee ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na kwamba ana haki ya matibabu na ya kutunzwa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2012 ilionyesha wazee zaidi ya milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote wa Tanzania. Wengi wao hawakupata kuajiriwa kwa mshahara, kwa hiyo pensheni ya kazi haiwahusu. Kaya zilizo maskini sana husaidiwa na mpango wa TASAF, lakini mpango huo hutazama umaskini wa kaya, wala si uzee wa mtu.

Mwaka wa 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mtu aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani, mvuvi au mkulima wa karafuu, kwa fedha ya Serikali yake yenyewe. Mwaka wa 2018 Kenya nayo ikaanza kuwalipa wazee wake wa miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Upande wa Tanzania Bara jambo hili lilizungumzwa mara nyingi, Bungeni na nje ya Bunge, na ahadi zilitolewa, lakini hadi mwaka wa 2024 pensheni ya wazee wote ilikuwa bado haijaanza. Wanaosita huuliza fedha zitoke wapi, na swali hilo ni la haki, maana wazee ni wengi na Hazina ina madai mengine. Wanaounga mkono hujibu kwamba shilingi ya mzee hailali: hununua daftari la mjukuu, chumvi na sabuni katika duka la kijiji hicho hicho.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, mbunge wa upande wa wachache anapoteza wakati? Mifano yetu inajibu kwamba mara nyingi hushindwa siku ile ile, na hapaswi kudanganya watu kwamba atashinda kesho. Hakuwashusha bei ya mafuta ya taa mwaka wa 2011, wala hakuuzuia muswada wa mwaka wa 2018. Lakini alimfanya mwenye nguvu ataje sababu zake hadharani, na sababu ikitajwa huweza kupimwa na mtu yeyote, hata aliye Nalasi chini ya mkorosho. Haba na haba hujaza kibaba. Waingereza walingoja kutoka mwaka wa 1892 hadi mwaka wa 1909. Wengi wa wale waliokuwa wazee mwaka wa 1892 hawakuiona shilingi hata moja. Hilo ndilo jambo la uchungu katika historia hii: hoja huweza kungoja, lakini mzee hawezi. Kwa hiyo anayesema habari za wazee hana budi kusema kwa haraka, na anayesikiliza hana budi kukumbuka.

Ndugu wasikilizaji, tunawaachia maswali ya kuzungumza katika vikundi. La kwanza: katika kijiji chenu, mzee asiye na watoto karibu hupata wapi fedha ya dawa na ya chumvi? La pili: kama fedha ya ushuru wa zao lenu ingerudi kwenu, mngetaka ifanye nini kwanza, salfa, barabara au malipo ya wazee, na kwa nini? La tatu: mbunge wenu akija, wa chama chochote, mtamwuliza jambo gani ambalo alilisema au hakulisema Bungeni? Mwenyekiti wa kikundi aangalie kwamba wazee wanasema kwanza, na vijana waandike.